Kuoanisha Kabla ya Kufa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha kitu, na moyo wangu hautanipa muda mrefu wa kuendelea kukificha. Daktari amesema umechoka. Basi niseme. Boksi lililo chini ya kitanda, lililoandikwa "Vitabu vya Sarufi", halina sarufi. Lina kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha kwenye kompyuta ya michezo. Kubwa kama tofali. Feni tatu!

Mke wangu anadhani kompyuta ya chumba cha wageni ni ya kuandikia kumbukumbu za maisha yangu. Kumbukumbu zimefika ukurasa wa kwanza. Nimezaliwa tu.

Ukweli ni kwamba nataka kumshinda shemeji kwenye mbio za magari. Mara moja, kisha nizikwe. Kila Jumamosi nyumbani kwake ananiacha nyuma, halafu anauliza kama vumbi lake limeniingia machoni. Kaka wa mke wangu huyo! Mstaafu kama mimi, tumbo limemtangulia, lakini akishika pedi ya kuchezea vidole vinakuwa vya mpiga kinanda. Ananiita Gari Bovu. Mbele ya dada yake!

Kinachoniangusha ni picha. Kompyuta yake ina ukungu, na yangu pia. Kadi yangu itaufuta.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ametoka. Nimepachika kadi mwenyewe. Maelekezo yameandikwa kwa herufi za aibu, sijui wachapaji wa siku hizi wanamwogopa nani. Skrubu mbili zimebaki. Nimeamua kuwa ni za ziada.

Imewaka! Lakini gari linakwenda kwa kushtukashtuka, kama mtu mwenye kwikwi. Na ukungu uko palepale.

Nikampigia fundi, yule mama wa duka la kompyuta. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Akasema kadi yangu ni jitu, lakini prosesa ni kikongwe. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu za gari liko wapi na linagonga nini, na kadi inakaa bure ikingoja kuambiwa ichore nini. Babu, akasema, hivi viwili lazima tuvioanishe.

Kuoanisha! Neno tamu. Maisha yangu yote nimefundisha upatanisho: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Kumbe ndani ya kompyuta yangu nimeunda "kiti zimevunjika".

Alinishauri nirudishe jitu, nichukue kadi ya wastani na prosesa ya wastani. Wastani! Mtu anayekaribia kaburi hana haja na wastani. Nimemwagiza atafute prosesa yenye nguvu.

Nimemwaga chai pembeni ya kikombe. Vikombe vya siku hizi vina midomo midogo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Nilikuwa kwenye simu na fundi. Sisikii vizuri, kwa hiyo nikiongea napaza sauti. Nilisema hivi: ile ya zamani imechoka, haiwezi tena kwenda na kasi yangu. Nataka mpya, yenye nguvu, hata ikiwa inachemka haraka. Kadi ninayo tayari. Tuoanishe Jumamosi asubuhi, mke wangu asijue.

Nikageuka. Mke wangu yuko mlangoni na beseni la nguo.

Akaniuliza kwa upole bibi harusi ana umri gani, na kadi za mwaliko zimechapishwa wapi. Nikajitetea kwa sarufi. Nikamwambia nilisema "imechoka", sikusema "amechoka". Mtu ana ngeli yake! Hili likaharibu zaidi. Akasema ati kunipikia, kunifulia na kunizalia kote kule, leo amekuwa ngeli moja na ndoo. Akaweka beseni chini. Akampigia kaka yake.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nililisalimia koti lililotundikwa mlangoni, nikidhani shemeji amefika. Halikuitika.

Alipofika kweli alikaa kama hakimu. Akasema mtu mwenyewe akipanda ngazi anahema kama pampu ya baiskeli, huyo mchumba anamtakia nini? Ikabidi niungame. Nikawapeleka chumba cha wageni, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikawaonyesha bibi harusi. Feni tatu.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akatazama miguu yangu, akaacha kucheka. Nilikuwa nimevaa kiatu cheusi na cha kahawia. Akaanza tena habari zake za daktari wa macho. Nikamwambia kikao hiki ni cha kompyuta.

Shemeji akasema kumbe Gari Bovu linanunua injini! Kesho basi, hapahapa.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amekuja asubuhi. Amebadilisha prosesa, pamoja na ubao wake, maana soketi ya zamani, yaani tundu la kuipachikia, iliikataa. Akaulizia skrubu mbili. Nikampa.

Kwikwi imekwisha! Gari linateleza kama sabuni. Ukungu bado upo. Fundi anasema picha ni safi kama maji ya kunywa. Ni mama mzuri, ila nadhani anahitaji miwani.

Jioni, pambano. Kioo cha kompyuta kiligawanywa: nusu ya juu ya shemeji, ya chini yangu. Nilikwenda kama mshale! Kabla ya kona ya mwisho nilikuwa nimemwacha mbali, nikaitupa pedi mapajani kwa dharau na kunyoosha mikono juu.

Nimeshinda! Shemeji aliweka pedi yake chini, kisha akasema hongera, mzee wangu, umenishinda kwa haki. Mke wangu akanishika bega.

Naweza kufa.

Jumapili, 9 Machi

Sijafa.

Kuna jambo linanikera. Shemeji hakunitania. Aliniita mzee wangu, akatoka polepole kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Na leo mke wangu amenipa chai mkononi, akanikunjia vidole kwenye kikombe kimoja kimoja.

Dawa ninayo: kioo kikubwa, cha ukubwa wa mlango. Nimeshampigia fundi. Naye ameniambia nianzie kwa daktari! Nimemweleza kwamba kioo nacho lazima kioane na kadi. Marudiano Jumamosi. Mke wangu amesema Jumatano ananipeleka kwa daktari wa macho. Jumatano moyo utanisumbua sana.

Lakini niliahidi kusema yote. Nilipoitupa ile pedi, gari nililokuwa nikilishangilia halikusimama. Lilikata kona ya mwisho peke yake, vizuri kuliko nilivyowahi kukata kona yoyote, likavuka mstari. Lilikuwa la nusu ya juu, la shemeji.

Sioni. Hata haya nayaandika kwa mazoea ya mkono.