Kamati ya Kupima Furaha ya Walimu

Mwaka wa themanini na saba, uvumi ulifika Manyatta, mtaani Kisumu, kabla ya tangazo la redio: mwalimu atakayesema hana raha atahamishwa mbali zaidi. Rehma aliusikia sokoni, akalala nao, akaamka nao. Binti yake Saumu alifundisha kijijini kule Pap Onditi, akilala katika nyumba ya shule iliyoezuliwa nusu ya paa na upepo. Kitoto chake cha miezi minane kililelewa na Rehma mjini. Barua tatu za kuomba uhamisho zilikuwa bado zinashughulikiwa.

Kisha redio ikatangaza: imeundwa Kamati ya Kupima Kuridhika kwa Walimu, ili ithibitishe kwamba wameridhika.

Siku ya kamati kufika Pap Onditi, Rehma akambeba mjukuu, akaenda shuleni kwa Saumu. Alimkuta afisa mtafiti, Bwana Joram, mezani, na mwalimu mkuu kando yake, ili siri za walimu zitunzwe vizuri. Walimu walikuwa wameshanyweshwa soda za kamati. Mtu mwenye kiu huharibu utafiti.

Zamu ya Saumu ikafika. "Mwalimu, umeridhika, umeridhika sana, au umeridhika kupita kiasi?" Joram akamuuliza.

"Na kama sijaridhika, Bwana?"

"Hiyo haiko kwa fomu. Tukiiweka, watu wataichagua."

Saumu akageukia mlangoni, aliposimama Rehma. "Mama, nikisema nimeridhika wataniacha hapa mpaka nizeeke."

"Heri hapa kuliko usikokujua. Sema umeridhika sana, mwanangu, lakini usizidishe."

"Sana," akasema Saumu, macho yake kwa mtoto.

Joram akaandika kwa penseli: kupita kiasi. "Mambo madogo tunarekebisha papo hapo," akamtuliza.

Ripoti ilionyesha furaha ya asilimia mia moja na nne. Hiyo nne ni wastaafu. Mwalimu mkuu aliwajibia.

Nairobi wakaisoma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika: waliiamini. Shule tamu namna hiyo, wakasema, apewe mtu aliyeitumikia serikali. Bwana Joram akazawadiwa darasa la kwanza, watoto tisini na wawili, pamoja na nyumba ile ya nusu paa. Saumu akaletwa Kisumu kuwafunza walimu wa mjini jinsi ya kuridhika.

Joram aliandika kulalamika. Akajibiwa kwamba kwa mujibu wa utafiti wake mwenyewe, uliofanywa kitaalamu, pale hapana mlalamishi.

Rehma alimshukuru Mungu, kisha akawaonya majirani wenye watoto walimu waepuke haya:

Kujibu maswali mkubwa wako akiwa ameketi hapo.
Soda inayotangulia swali.
Fomu ya penseli.
Mtafiti aliyekuja na majibu yake.
Kumfundisha mtoto wako uongo kwa sababu ya uvumi. Yeye Rehma alibahatika tu.