Nani Anayeharibu Maziwa Yetu

Jumamosi, 5 Machi 1966

Mpishi wa kambi ya vibarua wa barabara amerudisha maziwa. Yote, mbele za watu. Anasema yamekatika kwenye chai ya vibarua wote, na yakikatika mara tatu oda anampa Maka, muuza maziwa mwenzetu. Maka mwenyewe alikuwa palepale langoni na vyombo vyake, anatabasamu kama bibi harusi. Nikamwambia mpishi kwamba huko kwao bara hawajui maziwa, ya ngamia yakichacha ndiyo yanakuwa dawa. Akasema dawa apewe mgonjwa, yeye anapika chai.

Sisi ni wanawake wanne. Ngamia wetu walichukuliwa mwaka jana, serikali iliwakusanya kwa ajili ya vita na waasi wa shifta, tukabaki na vyombo vitupu. Maziwa tunapewa na binamu yangu Salat, aliyebakishiwa ngamia wachache, na kambi ndiyo mnunuzi wetu peke yake. Oda ikienda, tutakula upepo.

Mkubwa wa kikundi ni mimi. Kwa hiyo mwenye kosa ni mmoja wa hao watatu.

Naandika Kiswahili, nilichofundishwa na marehemu mume wangu, tarishi wa ofisi ya wilaya. Hakuna kati yao anayejua kukisoma.

Jumapili, 6 Machi

Nimewakusanya asubuhi, kafyu ilipokwisha tu. Nimewaambia watu wasio na nidhamu ni ngamia wasio na kamba. Kuanzia leo kila mmoja afunge uzi wa rangi yake kwenye dhiil yake ya kubebea maziwa, nijue chombo ni cha nani. Kila dhiil ifukizwe moshi wa kuni kama walivyofanya mama zetu, kisha iletwe puani pangu kabla ya kutiwa maziwa.

Ebla, mke wa mjukuu wangu, mdogo kuliko wote, akauliza: na chako, Ayeyo, atanusa nani? Nikamuuliza kama kwao walimfundisha kumhoji bibi wa watu. Akarudi kufukiza dhiil yake. Huo ndio uongozi.

Nimenusa. Vyote vinanukia moshi. Basi nimemlaumu Saynab, maana anacheka mno kazini.

Jumatatu, 7 Machi

Yamekatika tena. Mpishi alininyooshea vidole viwili. Maka akanipa pole ya msibani.

Nimebuni mbinu nyingine. Nimemwita kila mmoja peke yake nyuma ya kibanda, nikamwambia wenzake wamemtaja. Hakuna aliyekuwa amemtaja mtu, lakini ukimtaka panya, tia moshi shimoni. Kufika adhuhuri Fatumo alikuwa amemtaja Saynab, na Saynab amemtaja Fatumo pamoja na mama yake Fatumo. Ebla amekataa kumtaja yeyote. Ana ukaidi wa punda.

Saynab amebeba dhiil yake akaenda kwake. Anasema amefanya kazi nami tangu ngamia walipoondoka, na leo nimemfanya mwizi. Ana watoto watano huyo, atakula nini? Hilo hakunijibu, maana nilimuuliza akiwa ameshafika mbali.

Tumebaki watatu. Kikundi kimesafishika.

Jumanne, 8 Machi

Nimempata mwenye kosa. Askari wa kizuizi cha barabarani! Kila asubuhi anachovya kijiti katika maziwa yetu kutafuta risasi. Leo nikamwambia, mbele ya foleni yote, atajibu yeye kwa mpishi.

Akasema anachovya kijiti hichohicho katika maziwa ya Maka, na ya Maka hayaharibiki. Kisha akaushika mtungi wa chuma ulio juu ya punda, ule tunaoujaza maziwa ya dhiil zote tukifika langoni mwa kambi. Akaufungua, akanusa, akarudi nyuma hatua tatu. Akauliza: Nyanya, humu umemzika nani?

Foleni ikacheka. Ebla akatia mkono hadi begani. Chini ya shingo ya mtungi kuna ukoko mnene kama ngozi ya ngamia. Akauliza mtungi husuguliwa na nani.

Fatumo akakumbusha kwamba Januari nilisema dhiil kila mtu na yake, lakini mtungi ni wetu sote. Ni kweli nilisema. Na ni wetu sote. Kumbe kila siku tunausuuza kwa kikombe cha maji, kila mtu akidhani mwenzake ameusugua. Hawa watu hawana haya. Niliwapa mtungi mzima uwe wao, wakashindwa.

Hatukupeleka maziwa leo. Mpishi nimemwambia punda anaumwa.

Jumatano, 9 Machi

Saynab amesema atarudi akiombwa radhi. Nimemtuma Ebla akamwambie nimemsamehe. Kosa lenyewe hakulifanya, na bado nimemsamehe. Mwingine angefanya hivyo? Nadhani Ebla alipeleka maneno mengine, maana Saynab alirudi.

Wamesugua mtungi kwa mchanga, wakaufukiza kwa vijinga hadi macho yakatoka machozi. Mimi nilisimamia kivulini. Mpishi akachemsha maziwa mbele yetu. Saynab alikuwa ananishika ukosi wa gauni bila kujua. Yakachemka, yakapanda, hayakukatika. Maka akakusanya vyombo vyake bila kuaga.

Alhamisi, 10 Machi

Ebla anataka zamu. Kila siku ya mtungi iwe na jina la mtu, ukichafuka ajulikane wa kujibu. Nimemwambia hilo nilishaliwaza. Akaongeza kwamba mkubwa naye awe na siku yake, wengine wamwone. Nimekubali papo hapo, sikuvutana naye hata kidogo. Saynab siku mbili, Fatumo siku mbili, Ebla siku mbili. Mimi nimechukua Ijumaa, siku tukufu.

Ijumaa, 11 Machi

Leo ni zamu yangu. Ijumaa Salat hatoi maziwa, mtungi umeshinda mkavu. Nimeufungua, nimeutazama, nimeufunga. Kisha nimewaita wote watatu waje waone jinsi mkubwa anavyotimiza zamu yake bila kunung'unika. Wametazamana. Watazamane tu. Tangu tuupate mtungi huu, hakuna siku umekuwa safi kama siku yangu.