Jiwe la Msingi la Kiwanda cha Utenbogaditi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye ametuma udhuru, Padre Celedonio, Mkuu wa Bendi ya Tarumbeta, nawe hebu tulia kidogo, viongozi wa chama, wake zao, pamoja na mama mkwe wangu kipenzi, nanyi akina mama wapalliri mliokaa kule vumbini, mnaoponda kifusi cha mgodi kwa nyundo mkitafuta punje za dhahabu: itifaki yote imezingatiwa. (Makofi. Mbwa anabweka.)

Mimi, Eleuterio Ticona, Meya wenu wa Lluskapata kwa muhula wa tatu, nimesimama juu ya kifusi hikihiki ambacho mwezi wa tatu nilikizungushia waya na kuwafukuza, samahani, kuwahamisha kimkakati akina mama hawa, kwa sababu ya kitaalamu kabisa, nayo ni kugunduliwa kwa utenbogaditi ("Ugonjwa gani tena huo?"), si ugonjwa, mama, ni madini adimu ya jamii ya salfaidi, yenye dhahabu na fedha ndani yake, yanayojificha penye miamba ya dhahabu, madogo kiasi kwamba hata hadubini huazima miwani, na ambayo, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa na binamu yangu, yataiinua sekta yetu kwa asilimia mia mbili na kumi na nne! (Makofi, upande wa chama.)

(Doña Saturnina, msemaji wa wapalliri: "Asilimia ya nini, Don Eleuterio? Tangu uweke huo waya wako, watoto wetu wanakula supu ya chuño, viazi vikavu vitupu, isiyo na hata mfupa!" Kicheko.)

Swali zuri, Doña Saturnina, na jibu lake liko kwenye mchakato. Kiwanda kitakuwa na mitambo, maabara, na bwalo lenye nyama ya llama kila Alhamisi, na tayari, nasema tayari, kimefikia hatua ya juu sana ya kukaribia kuanza. Kwani daraja nani aliwajengea? ("Daraja lisilo na mto!") Mto uko awamu ya pili! Sasa, bila kupoteza muda, naweka jiwe la msingi.

(Doña Saturnina anapanda jukwaani na chupa ya pombe kali. "Mama Ardhi anywe kwanza, Don. Mmwagie, umwambie kwa kinywa chako unamjengea nini." Padre anatazama viatu vyake.)

Nadhani suala la chupa liundiwe kamati ndogo... ("Mwaga!") Jamani, mnajua yaliyompata meya aliyenitangulia, alimmwagia Pachamama, Mama Ardhi huyuhuyu, pombe kwa ajili ya stendi ya mabasi ambayo hakuijenga, na wiki haikuisha ardhi ikameza gari lake, ikaongezea na choo! ("Mwaga, Don!") Wapiga kura nawadanganya kwa moyo mweupe, maana ninyi husahau, lakini huyu Mama hasahau.

Haya. Pachamama, Mama yetu, pokea tone hili, kwa ajili ya kiwanda cha... cha... (Anaiinamisha chupa, anairudisha wima.) Hakuna kiwanda, Mama! Hakuna mitambo! Binamu yangu ni kinyozi! Hili jiwe nimeliazima kwa mwalimu, na waya niliuweka ili binamu achekeche kifusi peke yake!

("Njia ya mwongo fupi!" anasema Doña Saturnina, na kuchukua kipaza sauti. "Mmesikia wenyewe. Waya uliwekwa kwa ajili ya kiwanda, na kiwanda hakuna. Haya, akina mama!" Wapalliri wanang'oa nguzo.)

Lluskapata oyee! ("Oyee!") Kiwanda oyee! (Kimya.) Kifusi... oyee? ("Oyeee!")

Basi, nawashukuru kwa kujitokeza kwa wingi kwenye uzinduzi wa kiwanda ambacho hakijawahi kuwepo. Na wewe, Mama Ardhi, umenisikia, nimesema kweli tupu mbele ya mashahidi. Gari langu ni lile jeupe.

(Nyundo zimeshaanza kugonga.)