Kumi na Tisa Waliopanda

Kwa niaba ya Kamati ya Kunoa Bongo Changa, ambayo mimi, Sostenes, ndiye katibu wake, nautangazia umma kwamba watoto wa shule yetu, huku kandokando ya machimbo ya Geita, wameongezeka akili kwa asilimia themanini na tatu. Jambo hili limefanyika kwa wiki sita, kwa kadi za picha tu, bila kuongeza mwalimu wala dawati.

Njia yetu ilikuwa ya kitaalamu. Watoto mia mbili na kumi na wawili walifanya mtihani wa kwanza saa moja asubuhi, kabla ya uji. Wiki sita baadaye walirudia maswali yale yale saa tano, baada ya uji. Kisha tukawaondoa wale ambao hawakupanda alama, kwa kuwa walikuwa wanavuruga wastani. Wakabaki kumi na tisa, watoto wazuri sana.

Kutokana na mafanikio hayo, kamati ikapendekeza uji ufutwe na muda wake upewe kadi. Tumbo, tuliandika, si kiungo cha kitaaluma.

Pendekezo lilihitaji saini ya mgeni rasmi, Bwana Selestine kutoka mkoani, kwenye mkutano wa wazazi. Nikasoma taarifa. Makofi yakapigwa, hasa na kamati. Ndipo akasimama Paskalina, Mama Mihayo, mponda mawe ya dhahabu, vumbi bado limemjaa nyusini.

"Shikamoo, mheshimiwa. Katibu, hao kumi na tisa nimewasikia. Mihayo wangu yumo?"

"Mihayo hakukidhi vigezo vya kupanda, Mama."

"Ala! Kwa hiyo aliyeshindwa mnamfuta?"

Nilimweleza kwa upole kwamba takwimu ni jambo zito, si la kila mtu.

"Zito wapi? Mtu akija kuniuzia mifuko ya mawe, ananionyesha jiwe moja alilochagua mwenyewe, linang'aa hilo! Namwambia, baba, fungua mifuko yote. Nachota kila mfuko, juu na chini, naponda, naosha kwenye karai. Hapo ndipo tunaongea. Wewe umetuletea jiwe la kuchagua. Tena umelipima kwanza lina njaa, halafu limeshiba! Kilichopanda ni uji, Katibu. Mwanangu anatoka nyumbani tumbo tupu. Kikombe hicho ndicho chakula chake mpaka jioni."

Nikaandika kwenye muhtasari: mzazi ana hisia.

"Mama," alisema Bwana Selestine, "mkoa hauwezi kuitupa asilimia themanini na tatu."

"Msiitupe, mheshimiwa. Ijaribiwe kwanza kwa kamati. Chai yao ya saa nne na maandazi yasimame, wapewe kadi. Wapimwe wote, asichaguliwe mtu. Wakipanda, jiko la uji nitalizima kwa mkono wangu."

Wazazi wakashangilia mpaka kuku wa mwalimu mkuu wakakimbia. Bwana Selestine, ambaye chai yake huinywea mkoani, aliliona wazo hilo kuwa la kisayansi kabisa. Akasaini jaribio hilo papo hapo.

Leo tuko wiki ya tatu. Mtihani wa kwanza, nikiwa nimeshiba, nilipata kumi na nne kati ya ishirini. Juzi nilipata sita, na mbili kati ya hizo nilibahatisha. Mwenyekiti alisinzia juu ya picha ya tembo. Mhazini alilia, akasema amesahau tembo anaitwaje. Kwa kufuata utaratibu wetu, tukawaondoa wote ambao hawakupanda ili tupate wastani safi. Hakubaki mtu.

Uji unaendelea. Wazazi wanaupika kwa zamu, na jana ilikuwa zamu ya Mama Mihayo. Nilisimama kwenye foleni, kikombe mkononi, nyuma ya darasa la kwanza, nikijiambia kwamba nafanya ukaguzi. Alinitazama tangu viatu mpaka kichwani, upawa juu ya sufuria, akaniuliza kama nina njaa. Aibu ilinishika, lakini nilinyoosha kikombe.