Mteja wa Kwanza wa Mama Nhài

Ijumaa, 5 Juni

Nimechaguliwa! Mimi, Thiệu, ambaye mama mkwe mtarajiwa hajawahi kunimiminia chai kikombe cha pili. Jumatatu asubuhi Mama Nhài anafungua duka lake la ndala na viatu hapa Hanoi, na mtu wa kwanza kuvuka kizingiti nitakuwa mimi. Si kwa mapenzi. Mzee anayemsomea siku njema kamwambia atafute kijana aliyezaliwa Mwaka wa Paka katika kalenda yetu ya wanyama, kwa kuwa yeye ni wa Nguruwe na hao wawili hupatana. Katafuta mtaa mzima, kaniona mimi tu. Mpenzi wangu Ngần anasema mama yake aliguna, akaguna tena, ndipo akakubali.

Masharti: nguo safi, uso wa furaha, nichukue jozi moja, nilipe bila kubishana, niondoke. Duka likichangamka, mguu wangu ni mwepesi na tutazungumza habari ya harusi. Likidorora, mguu wangu ni mzito na nimsahau Ngần. Miaka minne ya mapenzi inaning'inia kwenye jozi moja ya ndala!

Mwenye akili angejifunika shuka hadi Jumatatu. Lakini safari ya wikendi kwenda mji wa Hải Phòng nimeipanga mimi, tiketi nimekata, na rafiki zangu Vĩnh na Bính wamenisimanga wiki nzima kwamba safari zangu za bei poa huishia kulala stesheni. (Ilitokea mara moja. Mvua ilikuwa kubwa.)

Safari hii mpango hauna kasoro. Kila muuzaji anaamini mteja wa kwanza ndiye anayeamua biashara ya siku nzima. Akiondoka mikono mitupu, siku imeharibika. Kwa hiyo ukifika kunapopambazuka ukataja nusu ya bei, atasaga meno, lakini atauza. Tutakula, tutavaa, tutarudi na zawadi, yote kwa nusu bei! Nimewaeleza wenzangu humu kwenye treni. Bính alikuwa amelala. Vĩnh akauliza, je, mteja huyo asiponunua? Nikamwambia tutanunua. Akatabasamu.

Sipendi anavyotabasamu. Vĩnh naye ni wa Mwaka wa Paka. Anakaa ng'ambo ya mto, Mama Nhài hamjui. Na asimjue.

Jumamosi, 6 Juni, asubuhi

Ushindi! Tumeingia sokoni watu wakiwa bado wanafunua maturubai. Kofia ya Bính, nusu bei. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, lakini akapokea. Mikate myembamba ya pilipili, rundo zima, nusu bei. Dada wa mikate akaniomba kwa sauti ya chini nisije tena kesho. Nikaona nimesifiwa.

Hata Vĩnh kaacha kunisimanga. Naenda sasa kwa mama wa mitumba. Nimeona suruali ya kijivu pale, nzuri mno, itanifaa Jumatatu.

Jumamosi, mchana

Naogopa.

Mama wa mitumba anaitwa Mama Thoa. Alikuwa hajauza hata kitufe. Nikavaa suruali nyuma ya pazia lake, nikataja nusu. Akakubali! Hapo ndipo ningepaswa kulipa. Lakini alikubali haraka mno, na mtu akikubali haraka maana yake bado kuna nafasi. Nikataja nusu ya nusu. Akameza mate, akakubali tena, akasema mdogo wangu chukua tu, nifungulie siku. Basi nikapata wasiwasi. Suruali gani hii inayouzwa hivi? Nikaivua. Nikamwambia inabana kiunoni, nitazunguka kidogo kisha nitarudi.

Wauzaji wote waligeuka. Nilisikia bata kwenye matenga.

Kisha Mama Thoa akafungua kinywa, na wanawake wa Hải Phòng wakifungua kinywa hadi bandarini wanasikia. "Inabana? Tumbo lako ndilo linalobana! Unavaa, unavua, unanishusha bei mpaka chini ya mkeka, halafu unazunguka? Zunguka hadi kwenu!" Akachukua gazeti, akaliwasha kiberiti, akaupitisha moshi juu ya meza, chini ya meza, kwenye pazia nililovulia nguo. Halafu akanifukuza nalo njia nzima hadi kwa wauza bata, likiwaka mkononi. "Nuksi, toka! Nuksi, toka! Rudi Hanoi na nuksi yako!"

Bính alicheka hadi kofia ya nusu bei ikamdondoka. Vĩnh hakucheka. Vĩnh alikuwa amenyanyua simu, anapiga video.

Jumamosi, jioni

Mimi si mshirikina. Naandika tu yaliyotokea.

Tulipofika kwa muuza tambi za kaa, mpini wa sufuria ulikatika na supu yote ikamwagika. Nilipoingia chumbani kwetu kwenye nyumba ya wageni, feni ilisimama. Nilipotoka, ikazunguka. Bính akanifanya niingie na kutoka mara kadhaa ili aone. Kila mara! Kisha barabarani kamba ya ndala yangu ikakatika. Ndala! Vitu vyote duniani, ndala!

Nuksi imeniingia, nami keshokutwa naibeba moja kwa moja hadi dukani kwa Mama Nhài.

Ngần kapiga simu. Kasema mama yake ameosha kizingiti kwa maji ya majani yenye harufu nzuri, na kwamba leo ameniita "yule kijana wetu" kwa mara ya kwanza. Wetu! Nilitaka kulia. Akauliza mbona nakohoa. Nikasema vumbi. Ulikuwa moshi wa Mama Thoa.

Vĩnh ananiambia nisiwe na shaka, yeye ni kaburi, video hataiona mtu. Halafu akaniomba nimbebee begi lake. Halafu akaniomba nilale mimi kwenye mkeka karibu na choo. Nimebeba. Nalala. Kisha akauliza, kama anaongea na dari, ati duka la huyo mama mkwe liko mtaa gani. Nikajifanya nimelala.

Jumapili, 7 Juni

Nimerudi sokoni kuoshwa. Kwa nuksi ya namna hii aliyekupa ndiye anayeweza kukuondolea, nadhani. Nilijificha nyuma ya matenga ya bata nikisubiri mtu mwingine amfungulie Mama Thoa, maana nikitangulia tena angenichoma mzimamzima. Bata mmoja alinidonoa sikio. Nilivumilia.

Bibi mmoja akanunua soksi. Nikajitokeza, mikono juu.

Mama Thoa alishika kiuno. Kumbe jana baada yangu hakuuza kitu, na mchana turubai lake likapasuka mvua ikalowesha mzigo. Kumbe ni kweli! Nikamweleza yote: Ngần, miaka minne, ndala, mama mkwe, kesho. Nilipofika kwenye "yule kijana wetu" machozi yalinitoka. Wanawake wote wa mitumba walikuwa wamekuja kusikiliza. Mmoja alijipangusa macho kwa soksi.

Mama Thoa akalainika. Akasema, "Haya mwanangu, usilie mbele ya bidhaa." Ninunue suruali ileile kwa bei yake ya kwanza, niivae, kisha niruke moto mara saba, maana mwanamume ana roho ndogo saba na kila moja lazima ipite juu ya moshi.

Nikalipa. Nikavaa. (Kwa kweli inabana.) Akawasha gazeti chini, nikaruka, soko zima likihesabu kwa sauti pamoja nami. Kwenye mruko wa sita pindo likashika moto. Bính akanimwagia chai yake ya barafu. Nikaruka wa saba nikiwa natoa mvuke. Mama Thoa akanipiga mgongoni, akatangaza kwamba sasa nimekuwa mwepesi kama unyoya, niende nikaoe. Wanawake wakapiga makofi! Sijawahi kuwa na furaha namna ile. Akilini nilimwona Ngần akivaa nguo nyekundu ya harusi, namwona hata sasa.

Laiti ningeondoka wakati ule.

Lakini niliangalia pindo. Limeungua kabisa. Suruali iliyoungua si suruali ya bei ileile, mtu yeyote ataona hivyo. Nikamuuliza Mama Thoa kwa heshima zote kama angeweza kunirudishia kidogo.

Alichukua gazeti la pili. Nilikimbia hadi stesheni.

Jumapili, kwenye treni

Swali ni moja: moshi wa pili ulinigusa au haukunigusa? Bính anaapa kwamba upepo uliupeleka kwa muuza bata. Vĩnh anasema ulinigusa, aliuona kisogoni, na kwamba anayo video. Nimejinusa. Nanuka moshi, lakini ule wa kwanza ama wa pili?

Stesheni ya Hải Dương wamepanda akina mama na vikapu vya matunda ya laichi. Mmoja akaniomba ninunue, nimfungulie kikapu. Nilikimbilia choo cha treni nikajifungia. Nimeandika haya humo. Nikisema ukweli, nampoteza Ngần. Nikinyamaza, huenda nikalizamisha duka la mama yake, na akiba yote ya mama yake imo mle.

Nimeamua. Nitanyamaza, nitaingia nikiwa nacheka, nitalipa, nitatoka. Nitafunga mdomo. Mdomo wangu ndio ulioleta haya yote. Nimeelewa sasa.

Jumatatu, 8 Juni

Sikulala. Nimeoga mara tatu. Suruali ya kijivu, pindo nimelikunjia ndani.

Mama Nhài alikuwa mlangoni amevaa hariri ya zambarau. Maua, ubani, jogoo wa kuchemsha mwenye waridi mdomoni. Shangazi wote wa Ngần wamepangwa kando ya ukuta. Ngần ameshikilia trei na macho yake yananiomba. Nilivuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Hakuna kilichoanguka. Feni ilizunguka! Nilitaka kuibusu ile feni.

Nikacheka. Nikachukua ndala za bluu. Mama Nhài akazifunga kwenye boksi kwa mikono miwili, akaniita mwanangu. Mwanangu! Akataja bei.

Bei yenyewe ilikuwa kubwa. Naiandika hapa kwa sababu hakuna anayenisikiliza: ilikuwa kubwa. Ndala zilezile sokoni kwetu ni karibu nusu. Nilifungua mdomo kusema asante mama. Nikasikia sauti, yangu mwenyewe, tamu kabisa, ikisema, "Mama, mteja wa kwanza huyu. Punguza basi kidogo."

Shangazi mmoja alikaa chini. Ngần aliweka trei sakafuni. Mama Nhài alinitazama, na niliona anavyoogopa: akikataa, mteja wa kwanza huenda akaondoka mikono mitupu. Akapunguza.

Nikalipa. Nikatoka. Sikufika hata kwenye mti wa jirani kabla ya kunusa moshi. Mama Nhài alikuwa amechana kifuniko cha boksi la ndala na kukiwasha. Alinifuata nacho na hariri yake hadi kona ya mtaa, machozi yakimtoka.

Na pale kona nani kasimama, kachana nywele, kashika shada la maua? Vĩnh. Nilisikia akimsalimia mama kwa adabu zote na kumtajia mwaka wake wa kuzaliwa. Akaingia. Kanunua jozi tatu bila kuuliza bei hata moja. Bính ananiambia baada ya hapo watu walimiminika hadi mchana, rafu zikabaki tupu.

Ngần ameandika ujumbe. Mama yake amesema nisipite mtaa wao kabla ya saa sita, mpaka wenye maduka wote wawe wameshafunguliwa na watu wengine. Habari ya harusi isitajwe tena mbele yake. Na Alhamisi Vĩnh amealikwa chai. Mwisho kaandika, "Thiệu, ungefunga tu mdomo dakika moja." Nimeusoma hadi simu ikazima.

Nimekaa kitandani nikitafuta kosa. Naogopa sana kumpoteza. Mwanzoni nilifikiri kosa ni langu. Halafu nimekumbuka ule moshi wa pili. Ni wazi sasa, ni Mama Thoa! Jumamosi nitarudi Hải Phòng kwa treni ya jioni ya bei nafuu, niruke tena, safari hii nikiwa na suruali fupi.

Nimezijaribu ndala. Zinanibana.

Lakini alipunguza.