Mbolea ya Warumi

Jumanne, 12 Agosti
Balaa! Nimechungulia ua wa Amos Hepple. Liki zake, vile vitunguu virefu vya shina jeupe, zina mashina mazito kuliko mkono wangu. Mkono wangu mwenyewe! Zangu ni vidole. Mashindano ya liki ya kijiji ni mwezi ujao. Kombe lina jina la babu, jina la baba, halafu Hepple, Hepple, Hepple mpaka chini. Langu halimo, na imebaki nafasi ya jina moja tu. Amos akaniona, akaniuliza kama nimekuja kujifunza au kulia.

Alhamisi, 14 Agosti
Wazo! Klabu ya wakulima inakwenda kutembelea ngome ya Warumi hapo juu kilimani. Sijawahi kulipa kiingilio kutazama mawe ambayo babu alijengea zizi la kondoo. Lakini kumbe kuna choo! Askari mia nane, karibu miaka mia tatu, choo kimoja! Mbolea ya aina hiyo Hepple hajawahi kuiota. Mke wangu Hilda kasema nina wazimu. Kasema pia ni kosa la jinai. Wanawake hawajui bustani.

Jumamosi, 16 Agosti
Tumekwenda. Mvua ya kupiga ubavuni. Binti mwongoza wageni, Rowena, akatuonyesha mahali askari walipoketi bega kwa bega. Nikabaki nyuma nikijifanya nafunga kamba. Buti zangu za mpira hazina kamba! Hakuna aliyegundua. Nikachota udongo mweusi kwenye mtaro wa choo, nikajaza buti zote mbili, nikasokomeza miguu. Kutembea sasa! Nikachechemea kama bata. Rowena akashtuka, akakimbilia kiti cha magurudumu. Nani akajitolea kunisukuma? Hepple! Akahema njia nzima. "Cuthbert, mzee wangu, pole na miguu, lakini umekuwa mzito kama ng'ombe." Nilikaribia kumhurumia.
Jioni nimezizungushia liki zote udongo huo.

Alhamisi, 28 Agosti
Majani yamekuwa ya njano. Nimeshtuka kidogo, nikajituliza. Bila shaka nguvu zinashukia shinani kwanza. Hilda kauliza mbona bustani inanuka. Nimemjibu hiyo ni historia.

Jumamosi, 13 Septemba
Siamini. Siamini kabisa! Asubuhi nimeng'oa liki ya kwanza, ikabaki uji mkononi. Ya pili uji. Zote uji, isipokuwa moja nyembamba kama penseli. Nikaipeleka hiyohiyo mashindanoni, nikaificha nyuma ya liki za wengine.
Mgeni rasmi alikuwa Rowena. Akamshukuru Bwana Hepple kwa udongo aliowapa mwaka jana wa kujazia mtaro wa choo uliokuwa ukimomonyoka. Udongo wa Hepple! Nikakaa, na nyuma yangu hapakuwa na kiti. Amos akanyanyua mkono, akasema asishukuriwe bure. Kitalu ulikotoka kilipata ugonjwa wa kuoza mizizi, na liki hazitaota humo kwa miaka. Nyasi za ngome hazidhuriki nao. "Udongo ule nisingempa hata Cuthbert!" Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, nikiwa sakafuni.
Nafasi ya mwisho imechongwa Hepple. Hilda akanishika mkono njia yote ya kurudi nyumbani. Nimeumia sana. Baba angelia.

Jumapili, 14 Septemba
Klabu itanunua kombe jipya, tupu, halina Hepple hata mmoja! Nimekunywa chai vikombe vitatu nikitafuta nilipokosea. Hilda kasema anaweza kunitajia. Nimemwambia asijisumbue, nimeshapata. Kosa langu lilikuwa cheo! Choo kile kilikuwa cha askari wa kawaida, watu wa kula shayiri. Jana Rowena alitaja kwamba kamanda alikuwa na choo chake peke yake, nyumbani kwake, na hakijajazwa udongo wa mtu yeyote. Kamanda! Mtu wa nyama na divai kila siku! Ngome inafunguliwa kesho saa nne asubuhi. Nitakuwa wa kwanza langoni.