Bibi Zohali Niliyemtunga

Jumatatu, 4 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: jina langu likiitwa darasani, siitiki. Nasubiri kwanza. Tupo wanne wenye jina hilo. Mmoja ni Mrefu, mwingine Kipara, wa tatu Mtoto wa Mwalimu. Mimi ni Yule Mwingine. Mwenzangu akiinua mkono, mwalimu wa hesabu humwambia, "Siyo wewe. Haya, Yule Mwingine."

Leo Mama ametoka hospitali na mdogo wangu. Wa kike! Amenishika kidole akagoma kukiachia. Nimeapa: huyu hatakuwa Yule Mwingine.

Jina ninalo tayari. Zohali. Ile sayari yenye pete. Hayupo Zohali shuleni, hayupo mtaani, hayupo popote nilipouliza.

Baba amesema Ijumaa asubuhi anakwenda kumwandikisha, mwenye wazo alitoe mapema. Shangazi, dada yake Baba, hakusubiri amalize. Anataka mtoto aitwe jina lake yeye. Wenye jina hilo kwenye ukoo wetu tayari ni watatu! Akiitwa mmoja, vinageuka vichwa vyote.

Jumanne, 5 Machi

Nimelitaja jina baada ya chakula. Balaa tupu. Baba ameuliza kama ni dawa ya kikohozi. Shangazi ni fundi cherehani, na alikuwa anapinda pindo la gauni, pini mdomoni. Amecheka mpaka pini zikamwagika, tukazitafuta sote kwa magoti.

Baba akasema mtoto anarithi jina la mtu, siyo la nyota. Nikataka kumwambia Zohali si nyota. Nikajizuia. Ndipo wazo likanijia. Nikasema, macho kwenye sahani, kwamba nimewahi kusikia tulikuwa na Bibi Zohali kwenye ukoo. Zamani sana. Miaka mia hivi.

Bibi, mama yake Baba, hajawahi kukubali kwamba kuna ndugu asiyemjua. Akatikisa kichwa polepole. "Zohali... Eeh. Zohali wa kule juu."

Kule juu wapi? Sikuuliza. Ushindi!

Jumatano, 6 Machi

Nimerudi kutoka shule nimemkuta Bibi akimsimulia Mama. Zohali alikuwa mrefu, ana mwanya, na akicheka nyumba nzima inacheka. Safi sana. Mama amelijaribu jina masikioni mwa mtoto. Baba amelitaja mara mbili akinyoa ndevu. Nimekula vizuri.

Jioni akaja Shangazi. Eti na yeye anamkumbuka! Shangazi hajafika hata miaka hamsini. Amesema Zohali alipewa kitambaa cha bibi harusi akishone, akajishonea mwenyewe, akalivaa gauni kwenye harusi ileile. Nilimngoja Bibi amkatalie. Bibi akajipiga paja: "Na bwana harusi je, hakuondoka naye?"

Nilitaka kumtetea. Kwa ushahidi gani?

Alhamisi, 7 Machi

Mambo yameharibika. Hadi saa ya chai Zohali alikuwa ameachika mara tatu, ameuza shamba la kaka yake, na amemng'ata mkunga. Mama amemfunika mtoto shuka hadi kichwani, kana kwamba Zohali yuko mlangoni. Baba amesema binti yake habebi jina la mwizi wa mabwana harusi. Shangazi akatabasamu na kuvuta uzi.

Sikuwa na la kufanya. Nikasimama katikati ya sebule, nikakiri. Nimemtunga. Hakuna Zohali. Hajawahi kuwepo.

Bibi alinitazama kama nimemtemea mate. Namkana marehemu? Zohali aliyemsuka nywele yeye, Bibi, kwa mikono yake mwenyewe? Akaanza kulia. Machozi ya kweli! Shangazi akamfuta kwa kipande cha kitambaa na kunigeukia. "Vitabu vimekuharibu, mwanangu. Zohali alikuwa mwizi, sawa. Lakini alikuwa wetu."

Baba ameniamuru niombe radhi. Nimeomba. Siyo kwa Bibi tu. Kwa Zohali!

Ijumaa, 8 Machi

Baba amerudi. Jina la Shangazi. Wa nne.

Shangazi ameshatangaza tumwite Kadogo, asije akachanganywa na wenzake. Nimemchungulia Kadogo. Amelala, ngumi zimekunjwa, hajui lililompata. Nimekwenda kukaa chooni kidogo. Moshi wa jikoni umeniingia machoni. Jiko lilikuwa limezimwa, lakini ndivyo nilivyomwambia Baba.

Mchana amekuja Mama Mdogo, mdogo wake Mama, kumwona mtoto. Tumbo lake lilitangulia kuingia, yeye akafuata. Amesema anajifungua mwezi ujao na jina hajapata bado, kichwa kinamuuma.

Nikamtolea kiti cha kuegemea. Nikamletea maji ya kunywa. Nikahakikisha Shangazi yuko uani. Kisha nikakaa karibu naye, nikamuuliza kama amewahi kusimuliwa habari za Bibi Utaridi (nayo ni sayari, ila hilo sikulitaja), wa upande wao, mwanamke mpole sana, hakuhudhuria harusi ya mtu yeyote na hakujua kushona hata kifungo.